Fundo la Kiuno

Munigi, Jumapili 14 Septemba

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata padri: nimedanganya kuhusu kiuno changu, na uongo wenyewe umekwisha kufika mikononi mwa fundi.

Dada yangu Umutesi anaolewa tarehe 22 Novemba. Tutamsindikiza wasichana sita, wawili wawili, na gauni zetu zinashonwa na mama Kasoki kule Birere. Mama Kasoki ni mtu wa Butembo na hapendi wasichana wajae kwenye chumba chake cha kushonea. Anataka kila mmoja amtumie kamba. Unaizungusha kiunoni, unafunga fundo la kwanza. Unaizungusha kifuani, unafunga la pili, kisha nyongani la tatu. Unabandika karatasi yenye jina lako, basi. Anasema kamba haipigi kelele na haigusi mashine.

Umutesi alinipa kamba zote nizipeleke. Nilipofika nyuma ya kanisa nilikaa juu ya jiwe, nikatoa yangu, nikafungua fundo la kiuno kwa meno na kulifunga tena vidole vinne ndani. Halafu nikatembea haraka kama mtu aliyeiba.

Sababu ni Cikuru, rafiki wa Umutesi, ambaye nimepangwa kutembea naye. Ni mrefu na mwembamba. Alipoambiwa tutakuwa pamoja alisema, "Miye na Munezero? Batu batasoma kumi." Akachora hewani kwa kidole: yeye moja, mimi sifuri. Wote walicheka, hata Umutesi. Na mimi nilicheka, kwa sababu ndivyo ninavyofanya siku zote.

Vikwembe vyetu, vitenge vya kushonea gauni, vilinunuliwa na shangazi Nyiransabimana huko Bunagana, vipande vya mwisho vya maua yale. Hakuna vingine. Mama Kasoki akishakata, amekata.

Nimejikatia kamba nyingine yenye urefu wa uongo wangu na kuificha ndani ya daftari hili. Siku itakapozunguka kiuno changu na ncha zake zikagusana, itakuwa kwamba sikudanganya. Zimebaki wiki kumi kasoro siku moja.

Kamba: vidole vinne.

Jumatano 17 Septemba

Mvua kubwa ya kwanza. Cikuru ana video nyingi kwenye simu yake, hata za kukonda. Nimeandika masharti nyuma ya daftari. Usile kitu baada ya saa kumi na mbili jioni. Kunywa maji ya moto na ndimu asubuhi, yanayeyusha mafuta. Fufu inanenepesha, mkate haunenepeshi. Jifunge plastiki tumboni utoe jasho. Sijui ni nani aliyeyagundua, lakini yule dada kwenye simu anayasema bila kusita hata kidogo.

Kamba: vidole vinne.

Ijumaa 19 Septemba

Nimefagia nyumba na ua nikiwa nimejifunga mfuko wa plastiki chini ya blauzi. Kila nilipoinama nililia kama pakiti ya biskuti. Denise, mdogo wetu wa miaka mitano, alinifuata nyuma akidai biskuti.

Kamba: vidole vinne.

Jumapili 28 Septemba

Sasa ninajua la kufanya na chakula. Ninakaa karibu na Denise. Mama akigeuka, fufu yangu inahamia sahani yake. Denise hasemi kitu, anakula tu kama mtu wa kubeba mizigo.

Ninachoogopa ni vidole vya mama. Kila asubuhi nikimsalimu ananishika mkono juu ya kiwiko, anauzungusha na kidole gumba chake, kisha ananiachia. Tulipokimbia Rutshuru tukaishi kambini, wauguzi walipima mikono ya watoto kwa utepe wenye rangi: kijani, njano, nyekundu. Mkono wa Denise uliangukia nyekundu. Walimpa ile karanga laini ya vifuko, akapona. Mama hakupona. Tangu wakati ule vidole vyake ndio utepe, na sisi sote bado tunapimwa.

Leo alinishika kwa muda mrefu kidogo.

"Unapunguka," alisema.

"Ni joto, mama."

"Joto gani na hii mvua?"

Kamba: vidole vitatu na nusu.

Jumamosi 4 Oktoba

Mvua. Kizunguzungu nikiinuka. Kamba: vidole vitatu na nusu.

Jumanne 7 Oktoba

Sikuwa nimekula tangu jana asubuhi. Saa tisa alasiri nilijikuta nimesimama mbele ya sufuria ya maharagi baridi, mwiko mkononi, nimefika chini kabisa. Nakumbuka nilipoanza na nakumbuka nilipomaliza. Katikati hamna kitu. Nimemwambia mama kwamba mbwa wa jirani ameingia. Huo ni uongo wa pili, na wa tatu uko njiani, naona vumbi lake.

Sipimi leo.

Jumapili 12 Oktoba

Baada ya misa nimekwenda sokoni kwa mwanamke anayeitwa Émérance. Anauza chupa za maji ya kahawia yasiyo na jina.

"Hii inasafisha tumbo," alisema. "Siku tatu tu, utajionea."

"Iko na nini ndani?"

"Majani."

"Majani gani?"

"Ya Mungu, mutoto wangu. Unauliza kama watu wa duane."

Nikaona haya kufananishwa na watu wa forodha, nikanunua. Pesa ilikuwa ya kupeleka nakala za diplome yangu ya sekondari mjini kutafutia kazi.

Jumatano 15 Oktoba

Siku tatu chooni. Nimelala kitandani kama kitambaa kilichokamuliwa. Nimemwambia mama ni maji mabaya.

Kamba: vidole viwili. Nimepima mara tatu. Viwili.

Jumamosi 18 Oktoba

Nimekunywa maji na chai na kula viazi viwili tu. Kamba: vidole vitatu na nusu.

Sielewi. Viazi viwili haviwezi kuwa vipana hivi.

Jumapili 19 Oktoba

Nimenunua chupa ya pili. Émérance alitabasamu tu kama mtu anayemjua mteja wake.

Jumamosi 25 Oktoba

Moyo wangu umeanza kuruka hatua. Unapiga, unapiga, unanyamaza, kisha unapiga kwa nguvu kama mtu anayegonga mlango akidhani hasikiki. Nilikuwa nikisuka nywele za Umutesi na vidole vyangu vikakosea mistari.

"Una nini?" aliniuliza.

"Baridi."

"Usinivuruge kichwa. Nina harusi."

Halafu jioni, mama akigawa chakula, Denise akasema kwa sauti safi kabisa, "Miye sitaki ingine. Nitakula ya Munezero."

Mama aliweka mwiko chini. Alihamisha kiti changu akakiweka kando ya chake, akaniangalia mpaka nikamaliza sahani. Nilimeza kila tonge huku nikihesabu wiki zilizobaki. Baadaye nikanywa kutoka kwenye chupa. Naandika haya ili yawe yameandikwa mahali fulani, kama kitu kitanipata.

Kamba: vidole vitatu.

Jumamosi 1 Novemba

Watakatifu wote. Kwenye bomba la maji mama mmoja jirani alimwambia mama yangu, bila kupunguza sauti, "Huyu mutoto anakonda vile, mulimupeleka kupima?" Kila mtu pale alijua kupima nini. Wanawake wengine wakaangalia bidoni zao za maji.

Mama alijaza bidoni yake mpaka ikamwagika. Tukapanda na maji. Mlangoni aliniuliza, "Kuna kitu unataka kuniambia?"

Nilitaka. Nilifungua mdomo kabisa. Kisha nikafikiria kikwembe kilichokwisha kukatwa, na shangazi, na wale wasichana, na kumi.

"Hapana, mama."

Jumanne 4 Novemba

Mvua. Kamba: vidole vitatu. Chupa imebaki nusu.

Ijumaa 7 Novemba

Mama Kasoki ametuma habari: kesho tukajaribu nguo, mmoja mmoja. Nimemaliza chupa.

Jumapili 9 Novemba

Ninaandika nikiwa kitandani. Nitaandika pole pole, kwa sababu nataka niandike yote.

Jana asubuhi nilishuka mpaka Birere. Chumba cha mama Kasoki ni kidogo, cherehani mbili na kioo kimoja kilichopasuka pembeni. Gauni yangu ilikuwa imetundikwa, nzuri, maua yake ya buluu yameanguka yote upande mmoja kama yamepigwa na upepo. Niliivaa nyuma ya pazia. Ilipita kifuani. Kiunoni ikakataa. Zipu ilisimama mahali pake na mama Kasoki akaivuta, akanivuta na mimi, akasema, "Vuta pumzi, mutoto."

Nikavuta. Moyo ukaruka hatua moja, ukaruka ya pili, halafu sikusikia ya tatu. Kioo kikawa cheusi kuanzia pembeni, pale pale kilipopasuka.

Nilipofungua macho nilikuwa kwenye kituo cha afya, sindano ya serumu, yale maji ya dripu, mkononi. Mama Kasoki alikuwa amenileta kwa pikipiki, yeye nyuma, mimi katikati, gauni begani mwake. Muuguzi anaitwa Sylvie. Ana miwani inayoteleza puani na sauti ya chini.

"Ulikula nini leo?"

Mimi nikiogopa maneno yanakauka, ndivyo nilivyo tangu shule ya msingi. Basi nilitoa chupa tupu kwenye mkoba, na nikatoa daftari hili, nikafungua ukurasa wa nyuma wenye masharti. Pembeni mwa kila sharti nilikuwa nimeandika swali, siku tofauti tofauti, kwa sababu nilianza kushuku lakini sikuwa na mtu wa kumuuliza.

Alinusa chupa kwanza. Uso wake ukakaza.

"Hii ni ya kuharisha. Inatoa maji, na inatoa chumvi za mwili. Moyo unafanya kazi na zile chumvi. Njo maana wako uko unarukaruka." Akaiweka mbali. "Kiuno chako kilipunguka kwa haraka, halafu kikarudi ulipokunywa maji?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Basi ulipoteza maji, ukarudisha maji. Mafuta hayakutoka hata kijiko." Akaanza kusoma ukurasa, kidole kwenye mstari. "Ndimu na maji ya moto. Ni tamu kama unaipenda. Mafuta ya mwili hayako kama ya kikaango, useme yatayeyuka. Plastiki: jasho tu, ni maji tena. Fufu jioni: tumbo halina saa ya ukutani. Fufu kipande, na maharagi, na mboga ya lengalenga, na samaki wa sambaza, saa moja ao saa kumi na mbili, ni chakula tu. Na mkate unaotetea hapa ni wanga, sawa na fufu."

"Na kukaa bila kula?" nilinong'ona.

"Kisha unajikuta ku sufuria na mwiko. Ama nadanganya?"

Nikadhani amesoma kurasa zingine, lakini hakuwa amesoma. Alisema huwaona wengi.

Hapo mama akaingia. Alikuwa amepanda pikipiki na kitambaa cha kichwa kimeanguka mabegani. Hakunisalimu. Alinishika mkono juu ya kiwiko, akazungusha vidole, na nikamwona akitafuta rangi.

"Ni mimba?" alimuuliza Sylvie. "Ao ni ile ugonjwa? Uniambie tu, dada yangu, niko nasimama."

"Kaa kwanza, mama. Hakuna mimba, na hakuna ugonjwa wowote mupaka sasa. Kuna chupa."

Akamweleza. Mama alisikiliza akiwa ameshika ukingo wa kitanda. Sylvie alisema nimepimwa urefu na uzito, na kwamba uzito wangu, hata ule wa Septemba, ni wa msichana mzima, hakuna wa kupunguza. Alisema mtu mwenye uzito wa kupunguza kweli anaupunguza akiwa anakula: anapunguza mafuta na sukari, anaongeza mboga na maharagi, anatembea kila siku, analala, na kila wiki kinatoka kidogo tu. "Na hasikii kizunguzungu. Ukisikia kizunguzungu, hiyo haiko kukonda, hiyo ni kuumia."

Kisha akasema, "Na weye mama, leta mukono."

"Miye niko muzima. Haunioni mwili?"

"Njo naangalia huo mwili."

Mashine ikavimba, ikapumua. Sylvie akapima tena.

"Dix-sept kwa onze, kumi na saba kwa kumi na moja: presha iko juu. Mama, hapa mwenye kupunguza si mutoto. Chumvi, mafuta, pole pole. Na kutembea."

Mama alishusha mkono wa blauzi yake. Mvua ilikuwa imeanza juu ya mabati.

"Nikonde," alisema, "halafu batu baseme nini? Baseme tumerudia kambi?"

Sikuwa nimewahi kufikiria hivyo. Nilidhani mimi peke yangu katika nyumba yetu ninaogopa macho ya watu.

Sylvie hakucheka. Akasema, "Kambi mulikonda kwa kukosa. Hii utakuwa umechagua. Moyo unajua tofauti."

Mama Kasoki alikuwa bado mlangoni, gauni mkononi. Akakohoa.

"Lakini kamba yake iliniambia mambo mengine," alisema. "Nilishona kamba."

Wakanigeukia wote watatu. Nikasema, "Ni miye. Nilifungua fundo la kiuno, nikalifunga ndani."

"Miaka makumi mbili napokea kamba," alisema mama Kasoki. "Banawake bananidanganya bei, bananidanganya siku ya harusi. Kamba, bado." Akaikunja gauni. "Na kitambaa kimeisha. Nilikata bila kuacha, juu ya vile shangazi yenu alipima kwa macho kama mutu mwenye njaa."

Mama aliona ile kamba ya pili ikichungulia kwenye daftari, akaiomba. Nilidhani ataitupa. Aliizungusha kiunoni mwangu, juu ya shuka, taratibu, akaleta ncha zake karibu mpaka zilipokataa kukutana. Kwenye pengo akaweka vidole vyake vitatu, akaviacha pale.

"Hii vidole tatu ni mutoto wangu," alisema. "Ulitaka kumutupa wapi?"

Nililia mpaka Sylvie akahamisha sindano.

Jumanne 11 Novemba

Cikuru amekuja kuniona. Nilitaka kujifanya nimelala. Alikaa miguuni pa kitanda, akacheza na kucha zake, akasema, "Umutesi aliniambia juu ya chupa. Miye nilisema kumi kwa kuchekesha tu."

"Najua."

"Haujui." Akafungua mkoba wake akanionyesha pakiti ya vidonge. Anavimeza tangu Agosti ili anenepe, kwa sababu shangazi za mchumba wake wamemwita mti wa bendera. Uso wake umeanza kuvimba asubuhi. "Nilipokuona na ile mwili yako, nilikuwa na wivu, njo nikakucheka."

Nimemwambia ampelekee Sylvie hiyo pakiti. Nimesema nitamsindikiza. Ni mara ya kwanza kumwambia Cikuru afanye kitu.

Sijapima. Nimekula fufu na sambaza saa moja jioni, mbele ya watu.

Alhamisi 13 Novemba

Moyo umeruka mara moja tu leo. Bado naogopa kuusikiliza. Gauni naogopa zaidi: zimebaki siku tisa, na hakuna aliyeniambia nitavaa nini. Umutesi hajui kama zipu imekataa. Shangazi anafika wiki ijayo na macho yake yale.

Jumamosi 15 Novemba

Mama alinigusa bega asubuhi: "Vaa viatu. Tunaenda Birere kwa miguu. Muganga alisema kutembea." Alikuwa amebeba mfuko. Tulitembea saa moja na nusu, yeye akisimama kila baada ya muda kupumua, akisingizia kuangalia bei za makaa.

Kwa mama Kasoki alitoa kikwembe chake mwenyewe. Kila mama wa bibi harusi anavaa gauni, na juu yake anafunga kikwembe cha pili cha maua yale yale, kinachoonyesha kwamba huyu ndiye mama. Shangazi alikuwa amempa sehemu yake tangu Agosti.

"Kata hapa," alisema, "umutie mutoto pembeni, huku na huku."

Mama Kasoki alikigeuza, akakigeuza tena, akamwita mama kwa jina lake. "Mama Athanasie, nikikata hii, haitafungika tena. Utatoka namna gani siku ile?"

"Nitatoka na gauni."

"Na wifi yako aliyekinunua?"

"Wifi yangu nitamupatia jibu."

Nikasema, "Mama, hapana. Mimi nibaki nyumbani."

Mama alinisogeza kando. Alimwonyesha mama Kasoki vidole vyake vitatu, na mama Kasoki akavipima kwa utepe, kwa uzito wote, kama alivyowahi kupima kamba. Mkasi ulipoingia mama aliangalia dirishani.

Jumapili 23 Novemba

Imepita. Mvua ilingoja mpaka tulipotoka kanisani.

Gauni ilinikaa. Mama Kasoki ameyakutanisha maua pembeni hivi kwamba ni lazima ujue ndipo uone. Cikuru, aliyeniangalia kwa karibu, aliuliza kwa nini yeye hakuwekewa urembo ule ule. Tulitembea pamoja, na nilisikia mtu akicheka mahali fulani upande wa kushoto, sijui akicheka nini. Niliendelea kutembea. Nilikuwa nimekunywa chai na kula mandazi mawili, na moyo ulikuwa ukipiga kila hatua.

Kwenye ukumbi shangazi Nyiransabimana alimsimamisha mama mbele ya wakwe.

"Na kikwembe cha juu?"

"Pasi ya makaa ilikichoma," mama alisema. "Ijumaa."

"Ijumaa! Kitu nilichotafuta mupaka Bunagana. Weye na makaa, Athanasie. Tangu zamani mikono yako haina macho."

Wakwe wakacheka. Mama akainamisha kichwa kama mtu mwenye kosa na kusema, "Ni kweli, wifi, nisamehe." Nilikuwa umbali wa hatua tatu, nimevaa kikwembe chenyewe mbavuni, kushoto na kulia. Nilifungua mdomo. Mama aliniangalia mara moja tu, nikaufunga.

Leo asubuhi nilipomsalimu alinishika mkono kama kawaida. Na mimi nikamshika wake. Tumekubaliana kutembea mpaka barabara kubwa kila siku, hata mvua ikinyesha.

Kamba nimeichoma jikoni. Kwa hiyo wewe unayesoma hapa, fundo langu unaweza kulisimulia, mimi mwenyewe nimekwisha kulisema. La mama si langu wala si lako. Kikwembe chake kiliungua na pasi ya makaa, upande wa kulia, siku ya Ijumaa. Ukiulizwa na shangazi, ao na mtu yeyote, ndivyo ilivyokuwa. Tafadhali.